Marian Smoluchowski: Mpanda Milima na Umeme wa Bakteria

Mara hii nawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake litawapinda ulimi kwanza. Anaitwa Marian Smoluchowski. Hilo la pili hutamkwa karibu na Smolu-hofski, na hilo la kwanza lisiwadanganye, kwani alikuwa mwanamume, Mpolandi, tena mwenye miguu ya kupanda milima. Mtaani kwetu hajulikani. Lakini nenda kwa wanafizikia na wanakemia popote duniani, utaje jina hilo, nao watakuonyesha fomula zake kitabuni. Mojawapo, aliyoiandika mwaka 1903, ndiyo ambayo hadi leo watu wa maabara huitumia wanapopima umeme ulio juu ya ngozi ya bakteria.

Kwani bakteria wana umeme? Wanao, jamani. Tutafika huko, msiwe na haraka.

Hapa Naro Moru tumezoea kuwaona wapanda milima. Wanashuka kwenye matatu na mikoba mikubwa mgongoni, wanaelekea lango la mbuga, kesho yake wako Met Station, kisha wanahenyeshwa na kile kinamasi cha mteremko mkali, halafu Bonde la Teleki, na hatimaye kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Bonde hilo limepewa jina la Samuel Teleki, bwana mkubwa wa Hungaria aliyepanda mlima wetu mwaka 1887 mpaka akapita mita 4,000, asifike kileleni. Wakati huo Hungaria na Austria zilikuwa dola moja. Katika mji mkuu wa dola hiyo, Vienna, kulikuwa na mvulana wa miaka 15 aliyekuwa shule ya bweni ya Theresianum, akisoma kwa bidii na kuiwaza milima. Huyo ndiye Marian wetu.

Alizaliwa tarehe 28 Mei 1872 katika kitongoji cha Vorderbrühl, karibu na Vienna. Baba yake, Wilhelm, alikuwa ofisa wa cheo cha juu katika ofisi ya Kaizari Franz Joseph. Mama yake aliitwa Teofila. Nyumbani walizungumza Kipolandi ingawa mji mzima ulisema Kijerumani, na jambo hili lafaa kuelezwa kidogo. Nchi ya Poland haikuwako. Mwaka 1795 ilikuwa imekwisha kugawanywa na majirani wake watatu, Urusi, Prussia na Austria, kama nyama ya karamu. Mpolandi wa siku hizo alizaliwa raia wa mtu mwingine. Sisi ambao babu zetu walizaliwa raia wa Mwingereza hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Marian alikuwa na kaka aliyemtangulia, Tadeusz, na wawili hawa walipenda milima kupita kiasi. Likizo zikifika, walikuwa kwenye Alps, hasa upande ule wa majabali ya Dolomites, ambako walifungua njia kadhaa ambazo hakuna aliyezipita kabla yao. Baadaye Marian aligeukia milima ya Tatra na Karpathia, akawa pia miongoni mwa wa kwanza huko kuteleza juu ya theluji kwa zile mbao za miguuni. Mtu anaweza kusema hayo ni mchezo tu wa vijana wenye nafasi. Mimi naona sivyo. Mtu aliyezoea kuning'inia kwenye jabali anajifunza subira, na anajifunza kuipima hatua kabla ya kuitupa. Ukizisoma kazi zake unaiona tabia hiyo hiyo.

Chuo Kikuu cha Vienna alikiingia mwaka 1890, akafundishwa na Josef Stefan na Franz Exner, akapata udaktari wake mwaka 1895. Kisha akafunga virago akaenda kutafuta elimu ilipo. Alifanya kazi Paris, halafu Glasgow huko Uskoti kwa mzee Lord Kelvin, yule ambaye jina lake tunaliandika kila siku tukipima halijoto, na baadaye Berlin. Glasgow walichunguza jinsi mionzi ya urani inavyoipa hewa uwezo wa kupitisha umeme, jambo lililokuwa jipya kabisa. Mwaka 1899 alihamia mji wa Lwów, ambao leo uko Ukraine na huitwa Lviv. Mwaka huo huo, mnamo Septemba, Mwingereza Halford Mackinder na wenzake walifika kilele cha Batian kwa mara ya kwanza. Mwaka 1900 Smoluchowski akapewa uprofesa, na mwaka 1901 alifunga pingu za maisha na Zofia Baraniecka. Mungu akawajalia watoto wawili, Aldona na Roman.

Sasa tuje kwenye umeme.

Habari hii ilianzia Moscow mwaka 1807. Mtaalamu mmoja aitwaye Ferdinand Reuss alichukua udongo wa mfinyanzi uliolowa, akachomeka mirija miwili yenye maji, akaunganisha betri. Akaona ajabu. Chembe za udongo zilijitenga zikaelekea upande wa chanya, na maji nayo yakapanda upande wa hasi. Maana yake ni kwamba chembe za udongo zikiwa majini zina chaji hasi, na maji yanayozigusa yana chaji chanya ya kulipia deni hilo. Mwaka 1879 Hermann von Helmholtz alilieleza jambo hilo kwa hesabu. Alisema juu ya kila chembe kuna tabaka mbili za chaji zilizokaribiana mno, moja kwenye chembe yenyewe na nyingine majini, kama blanketi. Ukileta umeme kutoka nje, chembe inavutwa huku na blanketi lake linavutwa kule.

Lakini hesabu ya Helmholtz ilibanwa na umbo. Duniani kuna chembe za kila umbo, kuna duara, vijiti, vibapa, na nyingine hazina umbo la kutajika. Je, kila moja itatafutiwa fomula yake? Hapo ndipo Smoluchowski alipoingia. Katika makala aliyoyatoa kwa Akademia ya Sayansi ya Kraków mwaka 1903, alithibitisha kwamba ikiwa lile blanketi ni jembamba sana likilinganishwa na chembe, basi umbo halina neno. Duara na kijiti vitakwenda kwa kasi moja, mradi ngozi zao zina volti sawa. Kubwa na ndogo pia, hali ni ile ile. Kwa mtu aliyesikia mara ya kwanza jambo hili linaonekana kama uongo, kwa sababu tumezoea kwamba kitu kikubwa husukumwa kwa taabu zaidi. Lakini hapa nguvu haisukumi chembe kama mtu anavyosukuma mkokoteni. Mvutano wote unafanyika ndani ya lile blanketi, pale ngozi na maji yanaposuguana, na blanketi halijui kama limemfunika mtoto au mtu mzima.

Ukumbuke kwamba bakteria wako vivyo hivyo. Yule wa matumbo aitwaye E. coli ni kijiti chenye urefu wa mikromita 2 hivi. Wengine ni duara. Katika maji yenye chumvi kidogo, blanketi lao la chaji lina unene wa nanomita chache tu, yaani ni jembamba mara mamia kuliko bakteria mwenyewe. Sharti la Smoluchowski linatimia.

Na hiyo chaji wanaitoa wapi? Ukuta wa bakteria umejengwa kwa kemikali zenye vikundi vya fosfeti na vya asidi za kikaboni, na vikundi hivi vikiwa kwenye maji ya kawaida huachilia hidrojeni iondoke na chaji yake chanya, vikabaki na hasi. Ndiyo maana karibu bakteria wote tunaowafahamu wana ngozi yenye chaji hasi. Ndiyo sababu pia rangi za maabara kama ile ya zambarau inayotumiwa katika kipimo cha Gram huwashika kwa urahisi, kwani rangi hiyo ina chaji chanya. Ukiongeza asidi majini, hidrojeni inarudi ukutani, chaji inapungua, na ukizidi kuongeza utafika mahali bakteria hasogei kokote hata umwekee betri ya lori.

Hebu tuangalie kipimo chenyewe, maana si uchawi. Unahitaji kichumba chembamba cha kioo, elektrodi mbili, hadubini iliyo na mistari ya kupimia ndani ya jicho lake, na saa ya kusimamisha. Unatia maji yenye bakteria, unawasha umeme, unamchagua mmoja kwa macho na kumhesabia sekunde. Tuseme uga wa umeme ni volti 10 kwa kila sentimita, naye amekwenda mikromita 100 kwa sekunde 5. Kasi yake ni mikromita 20 kwa sekunde. Gawanya kwa 10, unapata 2, yaani mikromita 2 kwa sekunde kwa kila volti moja ya sentimita. Sasa chukua fomula ya Smoluchowski. Unazidisha mwendo huo kwa mnato wa maji, unagawanya kwa kile kipimo cha jinsi maji yanavyoupokea umeme, na kwa maji ya nyuzi 25 hesabu hutoka hivi kwamba kila 1 ya mwendo ni milivolti 13 hivi. Kwa hiyo bakteria wetu ana milivolti 26 hasi kwenye ngozi yake, au kwa usahihi zaidi, pale kwenye mpaka ambapo maji yaliyomng'ang'ania yanaachana na maji yanayopita. Wataalamu huiita volti ya zeta. Betri ndogo ya saa ya ukutani ina volti 1.5, karibu mara 58 ya hiyo.

Kuna mtego mmoja. Kioo cha kichumba nacho kina chaji hasi, kwa hiyo maji yaliyo karibu nacho huanza kutembea kuelekea upande wa hasi, na yakifika mwisho yanarudi kupitia katikati. Ukimtazama bakteria wa karibu na kioo utadhani anarudi nyuma. Ukimtazama wa katikati utadhani ana mbio za Kipchoge. Wote wawili wamebebwa. Lazima uelekeze hadubini kwenye kina ambacho maji yenyewe hayaendi mbele wala nyuma, na kwa kichumba bapa kina hicho ni karibu sehemu moja ya tano kutoka kwenye kioo, juu au chini. Siku hizi kuna mashine zenye leza zinazohesabu maelfu ya chembe kwa dakika chache, lakini ndani ya kompyuta yake, fomula inayogeuza mwendo kuwa milivolti mara nyingi ni ile ile ya 1903. Ni haki kusema pia kwamba haiwafai bakteria wote sawasawa. Wale wenye manyoya au utando laini wa sukari juu ya ukuta huisumbua, kwa sababu maji hupenya ndani ya utando, na kwao wataalamu wa baadaye wametunga hesabu nyingine.

Smoluchowski mwenyewe hakuwahesabu bakteria. Yeye alitoa fomula, wengine wakaipeleka maabarani. Mwaka 1922, huko New York katika Taasisi ya Rockefeller, John Northrop na Paul de Kruif waliwapima bakteria kwa njia hii na wakaona jambo kubwa. Bakteria wakiwa na volti ya kutosha hukimbiana, kwa kuwa hasi kwa hasi hufukuzana, na maji hubaki na ukungu wao kwa siku nyingi. Lakini ukiipunguza volti hiyo kwa chumvi mpaka ikashuka chini ya milivolti 15 hivi, wanaanza kugandana wakigongana, wanafanya mabonge, na mabonge huzama. Northrop baadaye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 1946, ingawa kwa kazi nyingine. De Kruif naye akawa mwandishi mashuhuri wa vitabu.

Jamaa wa kidato cha kwanza watakuwa wanangoja niwakumbushe lile jaribio la moshi. Ndiyo, lile la kisanduku cha kioo, ambapo chembe za moshi zinaonekana zikirukaruka ovyo chini ya hadubini. Mwendo wa Brown. Vitabu vingi hutaja jina la Einstein, aliyeueleza mwaka 1905. Lakini Smoluchowski aliufikia kwa njia yake mwenyewe na kuchapisha mwaka 1906. Alikuwa ameliwaza jambo hilo miaka kadhaa, akingoja kwanza vipimo vya maabara vya kulinganisha na hesabu zake. Einstein akamtangulia. Jibu lao lilikuwa moja isipokuwa kigawo kimoja ambacho Smoluchowski alikikosea kidogo. Wako wanaomhurumia kwamba alichelewa. Lakini namna yake ya kuhesabu, ya kuifuata chembe hatua kwa hatua inapogongwa na molekuli, ndiyo inayofundishwa sana leo hata kwa watu wa uchumi na wa elimu ya mimea. Mwaka 1908 alieleza pia kwa nini gesi inayokaribia kugeuka kioevu huwa na ukungu wa maziwa, na akaonyesha kwamba rangi ya buluu ya anga inatokana na hewa kutokuwa sawasawa kila mahali, penye msongamano kidogo hapa na upungufu pale.

Mwaka 1913 aliitwa Kraków, Chuo Kikuu cha Jagiellonian, kushika kiti cha fizikia. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikazuka. Hata sisi huku Afrika Mashariki ilitufikia, na maelfu ya wapagazi wetu wakafa katika ile Kariakoo, wengi wao si kwa risasi bali kwa magonjwa, na kuhara damu lilikuwa mojawapo. Kraków ilikuwa mji wa ngome. Chakula kilikuwa haba, askari na wakimbizi wakipita usiku na mchana.

Katikati ya shida hizo ndipo alipofanya kazi ambayo mimi binafsi naiona tamu kuliko zote. Richard Zsigmondy wa Göttingen, aliyekuwa akichunguza chembe ndogo mno za dhahabu zilizoelea majini, alimwomba amtafutie hesabu ya jinsi zinavyogandana. Smoluchowski akaenda Göttingen mwaka 1916 kutoa mihadhara, na matokeo yakachapishwa mwaka huo na uliofuata. Swali lilikuwa hivi. Chembe zikishaondolewa chaji inayozifukuza, zitachukua muda gani kukutana? Alijibu kwamba zinazurura kwa mwendo wa Brown mpaka zigongane, na kwamba muda wa idadi yao kupungua kwa nusu unategemea wingi wao. Zikiwa nusu ya wingi, muda unakuwa maradufu. Halafu akaongeza hesabu ya pili, ya maji yanayokorogwa. Ukikoroga taratibu, tabaka moja la maji linapita jingine, na chembe zilizo kwenye tabaka hizo hukutana upesi zaidi, hasa zikishakuwa mabonge makubwa.

Mnaona inakotupeleka? Nendeni mtoni wakati wa masika, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Chembe za udongo wa mlima wetu zina chaji hasi, kama za Reuss. Bakteria waliomo nao wana chaji hasi. Wote wanafukuzana, ndiyo maana ukiacha ndoo mpaka asubuhi bado maji hayajatakata vizuri. Mama akitia shabu, ile chumvi ya alumini, anatia chaji chanya yenye nguvu, mara tatu kwa kila chembe ya alumini. Ngozi za udongo na za bakteria zinapoteza uhasi wake, zinagandana, zinanasa pia katika utando mweupe wa shabu yenyewe, na bonge linazama chini na wageni wake. Mitambo mikubwa ya kusafisha maji mijini hufanya hivyo hivyo. Kwanza dawa inachanganywa kwa kasi, kisha maji yanapita kwenye mabirika ambamo makasia yanazunguka polepole sana, na wahandisi wanaopanga kasi ya makasia hayo wanatumia hesabu ya Smoluchowski. Kutoka kwenye hesabu hiyo unaelewa hata jambo linaloshangaza mafundi wengi, kwamba maji machafu kidogo yanaweza kuwa magumu kutakasa kuliko machafu sana, kwani chembe zikiwa chache hazikutani. Nisije nikalaumiwa, shabu haiui. Inazamisha wengi, na waliosalia juu lazima wachemshwe au watiwe klorini.

Mwaka 1917 maprofesa wa Jagiellonian walimchagua awe mkuu wa chuo. Alikuwa na umri wa miaka 45, mwenye mapafu ya mpanda milima na kichwa kilichokuwa katika kilele chake. Kiangazi hicho kuhara damu kulizuka Kraków. Kufikia wakati huo ugonjwa huu ulikuwa umeshafahamika. Mjapani Kiyoshi Shiga alikuwa amemtambua bakteria wake mkuu karibu miaka 20 kabla, ila dawa ya kumwua ndani ya mwili haikuwako. Smoluchowski aliugua. Tarehe 5 Septemba 1917 akaaga dunia, na chuo kikapata msiba kabla ya kupata mkuu wake mpya. Mtu aliyeupa ulimwengu kipimo cha chaji ya bakteria, na hesabu ya kuwagandanisha na kuwazamisha, aliuawa na maradhi ya tumbo ambayo maji safi na mikono safi huyazuia. Nimejaribu kulisema hili kwa utulivu, lakini kila nikilifikiria linanikera.

Poland ilirudi kuwa nchi mnamo Novemba 1918. Alikuwa ameikosa kwa miezi 14.

Einstein, ambaye hakuwa mtu wa kutoa sifa ovyo, aliandika tanzia yake. Arnold Sommerfeld wa Munich pia. Mwaka 1926 huko Stockholm tuzo tatu za Nobel zilitolewa kwa mpigo kwa watu waliofanya kazi juu ya chembe zinazoelea: Zsigmondy, aliyepewa ya mwaka 1925, Theodor Svedberg wa Uswidi na Jean Perrin wa Ufaransa. Wote watatu walikuwa wamezijaribu hesabu zake maabarani, na maiti hapewi Nobel. Mwanafunzi wa Svedberg, Arne Tiselius, aliiendeleza ile mbinu ya kuvuta chembe kwa umeme ikaweza kutenganisha protini za damu, naye akapata Nobel mwaka 1948. Mwezini kuna shimo lililopewa jina la Smoluchowski. Ingekuwa juu yangu ningempa mlima.

Zofia alibaki na watoto. Roman, aliyekuwa na miaka 7 tu baba alipofariki, alisoma fizikia vilevile, akahamia Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akawa profesa wa vitu vigumu na baadaye wa sayari, akichunguza barafu na matumbo ya sayari kubwa kama Mshtarii. Alifariki mwaka 1996 huko Texas.